INJINI NDOGO NA WATU WASIOANDIKWA
Maneno ya wazee wa reli wa Katelembo



Mwezi uliopita alikuja hapa Katelembo bwana mmoja mwenye viatu safi. Akakusanya watoto wa shule na wazee chini ya mti, akawahadithia habari za reli. Alikuwa na picha nzuri, hatukatai, na zote zilikuwa picha za injini kubwa. Aliwaonyesha watoto zile injini za aina ya 59 zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zikaletwa Mombasa mwaka 1955 na 1956, jumla yake 34. Akawaambia uzito wa kila moja ni tani 252, na ya kwamba hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuipita katika reli yo yote ya upana wa mita moja duniani. Yote hayo ni kweli. Akawaambia kila moja ilipewa jina la mlima. Hilo nalo ni kweli. Kisha akafunga maneno yake akisema: hizi ndizo zilizoivuta Kenya.

Watoto wakapiga makofi. Sisi wazee tukapiga pia, maana mgeni ni mgeni. Lakini tulipokwisha kumsindikiza mpaka barabarani tulirudi tukakaa, na swali likawa moja tu: je, huyo Mount Gelai alipotoka Mombasa na tani 1,200 nyuma yake, nani aliyempangia mabehewa hayo?

Kwa sababu ya swali hilo twaandika. Wala si kwa kumchukia bwana yule. Yeye amesema waliyosema wote. Twaandika kwa sababu uwongo ulio nusu ya kweli hugeuka kuwa hesabu ya fedha, na hesabu hiyo imekwisha kumfikia mzee mmoja wa hapa kwetu, kama mtakavyoona mbele.

Kwanza tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya vijana ambao hawakuiona.

Gari la mizigo halizaliwi likiwa zima. Behewa moja latoka gatini Kilindini na mabati, jingine na mbolea, la tatu na mafuta, la nne ni tupu nalo limevunjika breki. Kila moja lina mahali pake pa kwenda. Lazima mtu ayachambue, ayasukume huku na huku katika njia nyingi za yadi, ayafunge kwa mpango, la kuachwa Voi likae mahali pake, na la kuachwa Konza kadhalika. Kazi hiyo ndiyo kushanta. Injini ya aina ya 59 haikufanya kazi hiyo, wala haikuweza. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba sita za landi zilizopangwa mstari, na vipinde vikali vya gatini na vya njia za viwandani havikuwa vyake. Ilingoja nje ya yadi kama bwana arusi, mpaka vidogo vimalize kazi.

Hivyo vidogo vilikuwa injini za tangi. Maana yake ni kwamba maji na mafuta yalichukuliwa juu ya injini yenyewe, bila behewa la nyuma la kuchukulia maji. Kwa hiyo ilikuwa fupi, na dereva aliweza kuona mbele na nyuma, na haikuhitaji kugeuzwa: yaenda na kurudi vivyo hivyo, siku kutwa, usiku kucha. Zilikuwapo za aina ya EE, zilizotengenezwa na Nasmyth Wilson kuanzia mwaka 1913, zikaja kuitwa aina ya 10. Zilikuwapo za ED1, za kiwanda cha Vulcan Foundry, za miaka ya 1920, zikaja kuitwa aina ya 11 baada ya reli za Kenya na Uganda kuunganishwa na za Tanganyika mwaka 1948. Na zilikuwapo za aina ya 13, 18 kwa hesabu, zilizotengenezwa Glasgow na North British mwaka 1953 na karibu na hapo.

Juu ya hizo za aina ya 13 tutasimama kidogo, kwa kuwa zina kisa. Mabwana wa michoro walizipanga ziwe na magurudumu manane ya kuvuta, na nyuma yake jozi moja tu ya magurudumu madogo. Zilipoanza kutembea, ile jozi ya nyuma ikaleta matata. Ikabidi mchoro ubadilishwe, jozi moja ikawa mbili, na zile zilizokwisha kujengwa zikafunguliwa na kubadilishwa. Sasa twauliza: nani aliyekuwa wa kwanza kujua ya kwamba nyuma hapakai sawa? Bwana wa michoro hakuwa yadini saa nane za usiku. Aliyekuwa yadini ni dereva na fayamani na shanta aliyeshika taa, akaona gurudumu linataka kuiacha reli. Vitabu vyasema mchoro ulibadilishwa. Havisemi nani alikuwa amesimama pale chini.

Na majina je? Aina ya 59 zilipewa milima. Aina ya 60 zilipewa magavana. Hata zile za aina ya 29 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, nasi hatuna ugomvi na hilo. Lakini injini za tangi, zilizofanya kazi pasipo kulala, zilipewa namba tu. Mwenye namba asiye na jina twamjua. Sisi wenyewe tuliitwa hivyo. Mnyapara alipoita asubuhi hakuita Mutua wala Kioko, aliita namba.

Msidhani ya kwamba ni Afrika tu penye injini ndogo. Huko Marekani Pennsylvania Railroad, reli kubwa sana ya nchi ile, ilikuwa na injini za aina ya A5s zenye magurudumu manne tu, zilizojengwa kuanzia mwaka 1917. Zilifanywa makusudi kwa ajili ya njia za gatini na za mitaani, mahali ambapo kipinde ni kikali hata injini ya kawaida haipiti. Uingereza nako, katika karakana ya Horwich, walikuwa na reli ya upana wa inchi 18, na juu yake injini ndogo kama meza zikichukua vyuma kutoka banda mpaka banda. Moja ya hizo, iliyojengwa mwaka 1887, ingaliko katika makumbusho ya York. Nayo ina jina. Yaitwa Wren, yaani ndege mdogo kabisa wa bustanini. Wenzetu wale walipoona kitu kidogo kimefanya kazi sana walikipa jina na kukiweka mahali pakavu. Hatusemi wao ni watu wema kupita sisi. Twasema tu ya kwamba jambo hilo lawezekana.

Na tukirudi mwanzo kabisa, hata injini za kwanza za Uganda Railway zilikuwa ndogo, za namna ya zile za Bara Hindi. Baadaye zikaja za Baldwin kutoka Philadelphia. Kwa nini Mwingereza anunue kwa Mmarekani? Habari hii yafaa kila mwanachama aijue. Mwaka 1897 mafundi wa Uingereza walidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Matajiri wa viwanda wakawafungia milango tangu Julai 1897 mpaka Januari 1898. Milango ilipofunguliwa kazi ilikuwa imelundikana, oda za injini zikachelewa, na reli nyingi zikaenda kutafuta Marekani. Reli yetu ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo ukiona picha ya injini ya Baldwin imesimama katika nyika ya Kapiti, ujue ndani ya chuma kile mna shauri la chama cha wafanyakazi, ingawa mpiga picha hakulijua.

Lakini hatujafika bado kwenye injini ndogo kuliko zote.

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, ile iliyotawala kabla ya serikali, ilianza kujenga reli nyembamba ya upana wa futi 2 kutoka pwani ya Mombasa. Wakaipa jina kubwa, Central African Railway, na reli yenyewe ikafika maili 7, ikafa. Reli zile ziling'olewa zikatandikwa kisiwani Mombasa, kutoka mjini mpaka Kilindini. Juu yake vikawekwa vigari vyenye kiti na kipaa cha turubai. Bwana au bibi aliketi juu. Na injini? Injini ilikuwa watu wawili nyuma, wakisukuma. Ilidumu hivyo miaka mingi mpaka motokaa zilipozidi. Watalii waliandika barua kwao wakisema ni safari tamu sana yenye upepo wa bahari. Twakubali upepo ulikuwapo, kwa aliyekaa.

Na huku bara namna ile ile iliendelea kwa jina la toroli. Patterson, yule aliyewapiga risasi simba wa Tsavo, katika kitabu chake cha mwaka 1907 asema mara kwa mara alivyokwenda kwa toroli kukagua kazi. Toroli halikwenda kwa uchawi. Lilisukumwa. Baada yake wakaja wakaguzi wengine wa njia, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, nao wote walisukumwa.

Tueleze kazi hii sawasawa, maana wanaojua wamebaki wachache. Toroli lilikuwa na watu wanne. Wawili walisukuma wakikimbia juu ya reli yenyewe, mmoja huku na mmoja huku, miguu mitupu, kwa sababu kiatu hutelezea juu ya chuma na unyayo hushika. Reli ya juani saa saba mchana katika nyika ya Kapiti haifai kwa unyayo, lakini mataruma na kokoto ndiyo mabaya zaidi, kwa hiyo wakimbia juu ya reli. Wengine wawili wamepanda wakipumzika, kisha zamu hubadilishwa bila toroli kusimama. Penye mteremko wote wanne huruka juu, na mmoja hushika breki. Penye mlima hushuka wote. Mkaguzi hashuki. Mwenye bendera nyekundu hutazama mbele, na mwingine hutega sikio, na wakisikia gari, wana dakika chache za kusimamisha, kumshusha bwana na karatasi zake, kuliinua toroli lote kwa mikono, kuliweka kando, na kusimama mbali. Kwenye kipinde, ambapo jicho halioni wala upepo hauleti sauti, waliinama wakaweka mkono juu ya reli.

Hiyo ndiyo injini tunayosema. Haikutumia kuni wala makaa wala mafuta. Ilikula ugali, na wakati mwingine haikula.

Sasa njoni kwenye hesabu.

Kila injini ya chuma ilikuwa na kitabu chake. Tarehe ya kuzaliwa, kiwanda, namba, siku ilipoingia karakana ya Nairobi, boila ilipobadilishwa, maili ilizotembea. Hata ikiwa ndogo ya namna gani, kitabu kilikuwapo. Injini ilipotolewa kazini, yaliandikwa mwaka na sababu. Lakini watu wa toroli, na vibarua wa gangi, na wengi wa mashanta wa zamani, waliandikwa katika orodha ya mshahara ya mwezi. Mwezi ulipokwisha orodha iliwekwa mahali, na mahali pale palipohamishwa orodha haikuhamishwa.

Jambo hili ni la tangu mwanzo. Wakati wa kujenga reli waliletwa Wahindi 31,983 kwa mkataba. Waliokufa ni 2,493. Mwaona jinsi hesabu ilivyo kamili, mpaka mtu wa mwisho! Ilikuwa kamili kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba, na mkataba ni karatasi ya fedha. Mwafrika je? Yule Patterson alipohesabu walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898 alitaja Wahindi 28. Kisha akasema wako na Waafrika wengi pia, lakini hao hawakuandikwa na serikali. Ameandika hivyo mwenyewe, bila haya na bila ubaya, kama mtu asemaye mvua ilinyesha. Halafu mwaka 1900 simba akamchukua Mzungu mmoja, Ryall, ndani ya behewa pale stesheni ya Kima, si mbali sana na sisi hapa. Behewa lile liko mpaka leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na kila mtoto aendaye pale huonyeshwa dirisha. Hatumcheki marehemu. Kuliwa na simba ni vibaya kwa kila mtu. Twauliza tu yako wapi majina ya wale wengine.

Yuko mzee mmoja hapa Katelembo, hatumtaji jina kwa kuwa ameomba hivyo. Aliingia reli mwaka 1961 akiwa na miaka 19. Ninyi mwajua ya kwamba reli haikupita Machakos. Mji huu ulikuwa mkubwa kabla Nairobi haijawa kitu, lakini mwaka 1899 reli ilipita kule chini nyikani, Ulu na Konza na Kapiti na Athi River, ikatuacha juu ya vilima tukiitazama. Mzee wetu aliteremka kwa miguu mchana kutwa mpaka Konza kutafuta kazi. Konza siku hizi jina lake limekuwa la mji wa kompyuta. Siku zile ilikuwa njia panda ya reli, pale inapotengana ile ya Magadi iletayo magadi ya ziwani. Alipewa toroli. Alisukuma miaka tisa. Mwaka 1970 akapandishwa kuwa pointimani, akaandikwa katika kitabu, akatumika mpaka alipopunguzwa pamoja na wengine.

Alipokwenda katika ofisi moja huko Nairobi kuuliza juu ya malipo yake ya uzee, kijana wa dirishani alitazama kompyuta akamwambia, "Mzee, wewe umeanza kazi 1970." Mzee akasema, "Hapana mwanangu, nimeanza 1961." Kijana akasema, kwa heshima kabisa, twamsifu, "Mzee, hapa hakuna." Basi mzee akavua kiatu. Akaweka mguu wake juu ya kiti pale mbele ya watu, akamwonyesha unyayo, ngozi iliyokuwa kama kwato, na kovu la tangu kidole mpaka kisigino la siku toroli lilipoanguka naye kwenye kalvati. Akasema, "Soma hapa." Askari wa mlangoni alikuja akamshika mkono taratibu akamtoa nje.

Miaka tisa. Hapo ndipo twasema ya kwamba hadithi ya injini kubwa si hadithi ya watoto tu. Wakubwa wakiamini ya kwamba reli ni milima na magavana, basi mtu aliyesukuma toroli hakuwa katika reli. Na kama hakuwa katika reli, miaka yake yatoka wapi? Kijana yule wa dirishani hakuitunga hesabu hiyo. Aliikuta imekwisha kufanywa na wale wanaopiga picha za Mount Gelai.

Wako watakaotujibu. Tumekwisha kuwasikia, kwa hiyo tutawajibu hapa hapa.

Wa kwanza husema, kazi ya kibarua ilikuwa ya siku kwa siku, na aliyeipokea alijua hivyo. Twajibu: kibarua cha siku moja ni kibarua. Kibarua cha miaka tisa, toroli lile lile, maili zile zile, mkaguzi akibadilishwa mara nne na msukumaji asibadilishwe, hicho ni kibarua gani? Hilo ni neno tu la kupunguzia mshahara. Toroli lenyewe halikuwa la kibarua, lilikuwa mali ya kudumu, limepakwa rangi na kupewa namba.

Wa pili husema, mambo ya kale yameisha. Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, likaja shirika la Kenya, ikaja kampuni ya kukodishwa mwaka 2006, nayo ikatolewa mwaka 2017, mwaka ule ule reli mpya ya Wachina ilipofunguliwa. Nani sasa wa kudaiwa? Twajibu: ardhi ya reli ilirithiwa. Majengo yalirithiwa. Nyumba za landi na kodi zake zilirithiwa. Hata chuma kikuukuu kilirithiwa na kikauzwa kwa kilo. Mbona mrithi aona mali yote, na madeni peke yake ndiyo hayaoni?

Wa tatu ni vijana, nao husema kwa upole, wazee wetu, siku hizi hakuna kushanta, kila kitu ni mashine. Vijana, nendeni mkaangalie. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017 ililetewa injini 56 kutoka China. Kati ya hizo 8 ni za aina ya DF7G, za kushanta. Gazeti halizipigi picha. Treni ya abiria yenye rangi nzuri ndiyo ipigwayo. Lakini bila zile 8 kontena hazitoki bandarini. Na yuko mtu aliyeshika redio anayetembea kando yake usiku, nasi twamwombea Mungu awe ameandikwa mahali.

Na sasa la kwetu wenyewe, maana si haki kuwalaumu wengine tukajiachia. Wakati wa ukoloni vyeo vilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Tulilipiga vita jambo hilo na tulikuwa na haki. Lakini katika hiyo chini yetu, sisi pia tulitengeneza ngazi. Dereva wa gari kubwa hakukaa meza moja na dereva wa shanta. Dereva wa shanta hakumwamkia kwanza mtu wa toroli. Katika mikutano ya chama watu wa toroli walikaa nyuma karibu na mlango, na tulipoandika madai yetu tuliandika kwanza ya madereva, kisha ya mafayamani, kisha ya magadi, na karatasi ilipokwisha tulisema mengineyo yatafuata. Hayakufuata. Baadhi yetu tunaoandika maneno haya tulishika kalamu siku hizo. Mzee wetu wa toroli alikuwa akilipa ada ya chama kila mwezi, shilingi kwa shilingi, nasi tulipotafuta katika vitabu vyetu wenyewe ili tumsaidie kuonyesha ya kwamba alikuwako mwaka 1964, vitabu vya miaka ile vimeliwa na mchwa. Alitutazama asiseme neno.

Wazee wa Ukambani husimulia ya kwamba Syokimau aliona mapema nyoka mrefu wa chuma akitoka baharini. Mwaka 2012 stesheni ilijengwa ikapewa jina lake, na ni vizuri. Lakini nyoka hatembei kwa kichwa peke yake, ana magamba tumboni yanayoshika chini. Hayo hakuna aliyeyatabiri.

Basi, ndugu wanachama, tulipokutana hapa Katelembo tumekubaliana haya, nasi twawataka matawi mengine yaliyo kando ya njia, tangu Mombasa mpaka Kisumu, yakubaliane nasi au yatuambie tumekosea wapi.

Miaka ya ukibarua ihesabiwe. Mahali ambapo orodha ya mshahara haipo, ushahidi wa watu wawili waliofanya kazi pamoja upokewe kwa kiapo, kama unavyopokewa katika shauri la shamba. Ikiwa ardhi yaweza kupatikana kwa maneno ya wazee wawili, miaka ya mtu nayo yaweza.

Tena, injini za zamani za kushanta, za mvuke au za dizeli, zilizosimama katika majani na kutu, zisikatwe kwa moto kabla watu waliozitumia hawajaitwa kuzitazama na kusema walilofanya nazo, na maneno yao yakaandikwa. Hatukatazi kuuza chuma. Chuma ni chuma. Twakataza kuuza chuma pamoja na kumbukumbu kwa bei moja.

Na toroli moja la kusukuma litafutwe, liwekwe mahali watoto wanapoonyeshwa injini kubwa. Bango lake liandikwe uzito wake, na idadi ya watu wake, wanne, na chakula chao. Tukifa kabla halijapatikana, wajukuu walitafute.

Kwa sasa iko kazi ya mikono. Kila aliyesukuma toroli, aliyeshanta, au aliyekuwa gangi kati ya Athi River na Sultan Hamud, pamoja na njia ya Magadi, atafute nyumbani kwake: kipande cha shaba chenye namba, karatasi ya mshahara hata ikiwa nusu, barua ya mkaguzi, picha, kadi ya hospitali ya reli, cheti cha ubatizo wa mtoto aliyezaliwa landi chenye kutaja kazi ya baba. Wajane watafute katika masanduku ya waume wao. Msioshe, msigundishe kwa gamu, msiandike juu yake. Leteni kama kilivyo kwa katibu hapa Katelembo Jumamosi yo yote baada ya saa nne asubuhi. Ataandika namba na jina, jina kwanza, mbele ya mashahidi wawili, na kuwarudishia kitu chenu siku ile ile. Asiyeweza kutembea atume mtoto aseme alipo, nasi tutamwendea sisi. Mzee wa toroli amekwisha kuleta cha kwake. Kipo juu ya meza, namba yaonekana vizuri.